Kitufe cha Mbili

Saa 10:12 jioni, Ijumaa ya tarehe 25 Oktoba 2024, pikipiki ilisimama mbele ya steshenari ya Rahim, mtaa wa pili kutoka stesheni ya reli ya Mpanda, na abiria wake akashuka akiwa na tope hadi magotini. Saa ya ukutani ndani ya duka ilikuwa mbele kwa dakika tatu. Saa ya kompyuta ndiyo iliyokuwa sahihi, na saa zote za jioni hiyo zinazotajwa hapa ni za kompyuta, zikihesabiwa kwa Kiswahili.

Abiria alikuwa Felista, binti wa miaka ishirini na mmoja kutoka Kapalamsenga, kando ya ziwa. Aliondoka kwao saa kumi na mbili asubuhi. Gari la kwanza lilikwama kwenye tope kwa saa tatu. La pili liliishia Majalila, na kutoka pale alichukua pikipiki ya mtu aliyeitwa Mwandu. Mwandu hakuondoka. Aliegesha kivulini akangoja, kwa kuwa binti alimwambia shughuli yake haizidi dakika mbili, kisha ampeleke kwa shangazi yake.

Binti hakuwa amekosea hesabu. Shughuli yenyewe ilikuwa ya dakika mbili. Jumanne alipokea ujumbe kwenye simu kwamba amechaguliwa kusomea utabibu katika chuo kimoja cha afya, kwa ufadhili. Nafasi ya ufadhili kwa vijiji vya mwambao wa ziwa ilikuwa moja tu, na mfadhili alikuwa ametangaza kwamba huo ni mwaka wake wa mwisho. Aliyechaguliwa alitakiwa kuingia kwenye mfumo wa chuo na kubonyeza neno "Thibitisha" kabla ya Ijumaa saa 17:00, yaani saa kumi na moja jioni. Asipothibitisha, nafasi ingehamia kwa mtu wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Felista alikuwa amerudia mtihani wa kemia mara mbili na kujitolea miaka miwili kwenye zahanati, akipima uzito wa watoto. Nafasi nyingine hakuwa nayo.

Ndani ya duka alikuwamo Zubeda, mpiga chapa. Rahim, mwenye duka, alikuwa ametoka kuswali alasiri na hakuwa amerudi. Zubeda ndiye aliyemfungulia Felista akaunti ya maombi, tarehe 14 Agosti, na alimkumbuka.

"Karibu mdogo wangu. Umeoga matope?"

"Njia ndivyo ilivyo, dada. Nataka kuthibitisha chuo. Mwisho ni saa kumi na moja."

"Bado mapema. Kaa."

Katika steshenari za Mpanda mteja hagusi kibodi. Anakaa kwenye benchi na kutaja jina lake, mwaka wa kuzaliwa na shule aliyosoma. Mpiga chapa anamtengenezea barua pepe, anamfungulia akaunti, anamtungia nywila moja ya vyote viwili na kuiandika kwenye kaunta buku, daftari nene la duka. Mteja anapewa nakala kwenye kipande cha karatasi. Nywila za Zubeda zilikuwa na mtindo mmoja: jina la kwanza, alama ya @, kisha mwaka wa kuzaliwa. Mifumo mingi hukataa nywila isiyo na alama, na @ ndiyo alama ambayo kila mtu aliitambua. Kwenye mstari wa Felista palikuwa pameandikwa Felista@2003, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa Zubeda unaosomeka vizuri.

Tangu katikati ya mwaka wateja walikuwa wakilalamika. Walisema nywila walizopewa hazifungui kitu kwenye simu zao, wala kwenye duka la Kauthar lililo ng'ambo ya barabara. Walirudi kwa Rahim na vikaratasi vyao. Zubeda alitazama kaunta buku, akaandika kilichomo, na akaunti ikafunguka kwa mara ya kwanza. Ilikuwa hivyo kila mara. Akahitimisha kwamba wateja hawajui kuandika. Wateja nao walihitimisha kwamba akaunti iliyofunguliwa steshenari moja haifunguki nyingine, kama kufuli na ufunguo wake. Hakuna aliyeona ajabu. Mjini likawa neno la kawaida kwamba za kwa Rahim hufunguka kwa Rahim. Mwandu, aliyewahi kuombea leseni pale, alikuwa na namna yake ya kulisema.

"Hapa mtu anafungwa kama mbuzi kwenye kamba," alimwambia Zubeda kutoka mlangoni. "Nenda utakako, ukitaka kula unarudi kwenye kigingi."

Zubeda alicheka. Felista hakucheka. Alikuwa anaeleza mambo ambayo aliona ni lazima yajulikane kabla ya kitu kingine chochote. Jumatano alijaribu kuingia mara mbili kwa simu yake. Alhamisi asubuhi alijaribu mara mbili kwa kompyuta ya mwalimu mkuu wa kijijini. Mfumo ulikataa mara zote nne, na mara ya nne ulionya kwamba limebaki jaribio moja. Likikosewa, akaunti itafungwa kwa dakika sitini. Hapo aliacha. Alipiga simu dukani Alhamisi hiyo saa nne na dakika kumi asubuhi. Rahim ndiye aliyepokea. Alimwambia paswedi ya hapa inafunguka hapa, aje.

"Kwa hiyo limebaki moja, dada," Felista alisema. "Na hiyo iliyoandikwa hapo ndiyo niliyoijaribu mara zote nne."

Zubeda alimwambia asiwe na wasiwasi. Simu za kugusa hukosea, na kompyuta za shule huwa na kibodi mbovu. Alimwonyesha mstari kwenye kaunta buku ili aone kwa macho yake kwamba hakuna kosa. Felista aliona. Ulifanana na kikaratasi chake herufi kwa herufi, na hilo ndilo lililomtia shaka. Akauliza kama hakuna njia nyingine ya kwanza kuhakikisha. Zubeda akasema wameshafungua mamia ya akaunti, hakuna hata moja iliyomgomea.

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa limetokea kwenye mashine aliyokaa mbele yake. Alhamisi jioni umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ya zamani ikaungua. Ijumaa asubuhi Rahim alileta nyingine na kuiweka mezani palepale. Zubeda alikuwa ameitumia siku nzima kutoa nakala na kuchapa barua mbili. Kibodi yake ilikuwa nyeusi kama ile ya kwanza. Hakuona sababu ya kuitaja.

Saa 10:24 aliandika nywila, taratibu, akitamka kila herufi kwa sauti ili Felista asikie. Kwenye kisanduku zilitokea nukta kumi na mbili. Akabonyeza.

Mfumo uliandika: Nywila si sahihi. Akaunti imefungwa kwa dakika 60. Jaribu tena saa 17:24.

Felista aliusoma ujumbe ule, kisha akatazama pembe ya kioo, palipokuwa na saa.

"Nilikwambia niliijaribu mara nne," alisema.

Zubeda alifanya kile ambacho mtu mwenye kazi yake hufanya anapokwama: alianza upya kutoka mwanzo. Alifungua ukurasa wa barua pepe ya Felista ili atume ombi la kubadilisha nywila. Akaandika jina, akabonyeza Shifti na kitufe cha 2, na alama ya @ ikatokea mahali pake.

Akaondoa mikono kwenye kibodi.

Kwenye mashine iliyoungua haikuwa hivyo. Tangu Juni, kila alipobonyeza kitufe chenye picha ya @, kiooni palitokea alama ya kunukuu, vile vistari viwili vidogo vya juu. Penye alama ya namba, #, palitokea alama ya pauni ya Kiingereza, hata barua za viwanja zikawa zinatoka na pauni mbele ya kila namba. Zubeda alidhani programu ndiyo mbovu. Alijitafutia dawa: aliweka kwenye ukurasa wa mwanzo wa kompyuta faili dogo lenye alama zote anazohitaji, na kila alipotaka @ alifungua faili lile, akainakili na kuibandika. Alizoea. Ilimchukua sekunde tano. Lakini visanduku vingi vya nywila havikubali kubandikiwa kitu, kwa hiyo pale alibonyeza kitufe kama kilivyo. Kisanduku kilionyesha nukta, na nukta ya @ na nukta ya alama ya kunukuu ni nukta zilezile. Mfumo ulimtaka arudie nywila mara ya pili, naye alirudia kwa kitufe kilekile, na mara zote mbili zikalingana. Kisha akaandika @ kwenye kaunta buku, kwa sababu ndiyo iliyochorwa kwenye kitufe.

Alimweleza Felista yote haya kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Felista alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: akaunti yake ina alama gani?

"Nadhani ya kunukuu. Ngoja nihakikishe."

Saa 10:36 alimpigia Gervais, fundi aliyekuwa akihudumia mashine ile, na akaweka simu kwenye spika. Alimuuliza kama kibodi ya zamani ilikuwa na tatizo la alama.

"Ile? Haikuwa na tatizo," Gervais alisema. "Nilipoweka Windows upya mwezi wa sita niliacha mpangilio wa Uingereza. Kibodi yenyewe ya Kimarekani. Ndo maana alama ya at na ya kunukuu zilibadilishana mahali. Kwani Rahim hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Nilirudi mwezi wa saba kurekebisha. Kazi ya dakika moja. Nikamweleza kila kitu, hadi mambo ya paswedi, kwamba watu hawataweza kufungua kwingine. Akafikiri, akasema niache hivyo hivyo. Akasema wateja wameanza kurudi."

Zubeda alimshukuru na kukata simu. Mlangoni Mwandu alikuwa amesikia kila neno. Hakufanya mzaha wowote.

Saa 10:41 Zubeda aliandika kwenye kisanduku cha nywila cha barua pepe jina Felista, alama ya kunukuu, na mwaka 2003. Barua pepe ilifunguka. Sasa ilijulikana kwa hakika alama ni ipi, na zilibaki dakika kumi na tisa. Aliomba mfumo wa chuo utume kiungo cha kubadilisha nywila. Kiungo kilifika saa 10:43. Alipokibonyeza, mfumo ulijibu kwamba akaunti iliyofungwa haiwezi kubadilishiwa nywila hadi muda wa kufungwa uishe. Alijaribu kwa simu yake mwenyewe. Jibu lilikuwa lilelile.

Rahim alirudi saa 10:48. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, msafi, anayeheshimika mtaani, na hakuwahi kupandisha sauti dukani. Alimsalimu Felista, akamuuliza habari za ziwa na za mzee wake. Felista alijibu kwamba nzuri. Zubeda akamwambia bosi wake, mbele ya wote, alichosema Gervais, na akamwonyesha kiooni ujumbe wa kufungwa.

Rahim hakukana. Aliuliza ni nani aliyemtuma binti kujaribu kwenye simu na kwenye kompyuta za shule. Kama angekuja moja kwa moja kama alivyoambiwa, asingefungiwa.

"Angekuja leo akakuta mashine imeungua," Zubeda alisema. "Jana saa nne ulikuwa naye kwenye simu, kaka Rahim. Ungemwambia aweke alama ya kunukuu. Neno moja."

"Nikimwambia yeye, kesho Mpanda nzima inajua."

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini dirisha huwa limefungwa. Kisha akaona namna Felista alivyokuwa akimtazama, akaongeza kwamba yeye si mtu mbaya, wateja wake wote aliwahudumia waliporudi, hakuna aliyefukuzwa, na mtu hawezi kulaumiwa kwa umeme. Akamwambia Zubeda apige simu chuoni. Chuo ni watu, alisema, watu wanaelewa.

Zubeda alipiga saa 10:52. Aliyepokea alikuwa mama mmoja wa ofisi ya udahili, mpole, aliyesikiliza maelezo yote bila kuyakatiza. Akasema anaiona akaunti hapo kwake, anaona imefungwa, na anaona majaribio matano. Hana kibali cha kuifungua. Mwenye kibali yuko safarini. Hata angekuwepo, alisema, mfumo unahamisha nafasi wenyewe ikifika saa kumi na moja, haungoji mtu. Aliuliza kwa nini mwombaji mwenyewe hakuijua nywila yake. Zubeda akampa Felista simu.

"Sikuiandika mimi," Felista alisema.

Mama yule alisema pole, na mazungumzo yakaisha saa 10:57.

Kwa dakika tatu zilizofuata hapakuwa na la kufanya, na hakuna aliyejifanya kwamba lipo. Rahim alipanga kalamu kwenye kisanduku chake cha kioo. Mwandu aliingia ndani, akavua kofia, akakaa kwenye benchi mwisho kabisa, mbali na binti. Saa ya ukutani ilifika kumi na moja kwanza. Halafu ya kompyuta.

Saa 11:01 simu ya Felista ilitoa mlio. Ujumbe ulimshukuru kwa kushiriki.

Alisoma, akaiweka simu mapajani kioo kikiwa chini. Aliuliza kama anaweza kungoja hadi akaunti ifunguke. Rahim akasema haina maana tena, binti, giza litawakuta njiani. Felista alisema atangoja.

Zubeda alivuta kaunta buku na kuanza kuhesabu mistari kutoka tarehe 11 Juni, siku Gervais alipoweka Windows upya, hadi Alhamisi mashine ilipoungua. Ilikuwa mia mbili na kumi na miwili. Pembeni ya kila jina palikuwa na namba ya simu. Rahim alimwambia afunge kitabu. Hakukifunga. Akamwambia tena, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba kitabu ni mali ya duka. Zubeda akasema ndiyo, ni mali ya duka, na akapiga namba ya kwanza. Haikupatikana. Ya pili ilikuwa ya kijana wa Litapunga aliyeitwa Fortunatus. Alimweleza kwa kifupi kuhusu alama, na akamwomba aandike pembeni ya kikaratasi chake. Fortunatus akasema kikaratasi alishakitupa. Aliitwa kwenye usaili mwezi wa tisa, akashindwa kuingia kuchukua barua, akaona bora aachane nayo. Akauliza, bila hasira yoyote, kama maana yake ni kwamba si yeye aliyekuwa amekosea.

"Si wewe," Zubeda alisema.

Kijana akasema asante kwa kumpigia.

Wa tatu hakupokea. Wa nne alikuwa mama aliyeitwa Vénérande, aliyesema anashukuru, anakuja kesho wamfungulie. Zubeda akamweleza tena kwamba hahitaji kuja, anaweza kufungua popote. Mama akasema ameelewa, na kwamba kesho asubuhi atakuwa hapo. Rahim, aliyekuwa amegeuza kisogo, alisikia.

Saa 11:23 Felista alisimama, akazunguka meza, akamwomba Zubeda ampishe kiti. Zubeda alimpisha. Hapajawahi kukaa mteja kwenye kiti kile, na Rahim aligeuka kutazama. Felista alitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Alipofika kwenye alama alisita, Zubeda akamwonyesha kitufe bila kukigusa. Akamaliza kwa tarakimu nne. Akangoja saa ya kompyuta ibadilike kuwa 17:24, kisha akabonyeza.

Akaunti ilifunguka kwa jaribio la kwanza. Jina lake lilikuwa juu, kamili, pamoja na picha aliyopigwa Agosti kwenye ukuta wa duka lile. Penye neno "Thibitisha" palikuwa pa kijivu, hapabonyezeki tena. Chini yake paliandikwa: Dirisha limefungwa saa 17:00. Nafasi imehamishiwa kwa mwombaji wa akiba.

Felista aliomba ukurasa uchapwe. Karatasi ilitoka saa 11:27. Mstari wa mwisho, kwa maandishi madogo, ulionyesha muda wa kuingia: 17:24.